Mti haujafa dada yangu, mwambie mtu wa msumeno asije

"Mwalimu shikamoo. Naishi Moshi, Shanty Town, nyumba tuliyoachiwa na baba mkwe, ina jakaranda kubwa mbele ya geti. Mwezi wa nane majani yakawa njano yakapukutika yote, mti ukabaki mifupa mitupu, mume wangu akasema umekufa na tayari kaongea na mtu wa msumeno. Sasa huu mwezi wa kumi naona kama vitumba kwenye ncha za matawi ila jani hamna hata moja. Hapo hapo mdogo wangu anasoma Leipzig, Ujerumani, kila siku anatutumia video za miti ya njano na nyekundu, binti yangu wa miaka 8 kaniuliza mama mbona sisi vuli yetu haina majani mekundu, nikakosa jibu. Alafu juzi mvua ya kwanza imepiga, jioni kumbikumbi wakajaa sebuleni kama mvua nyingine, jirani kasema hiyo ni dalili nyumba inaliwa na mchwa, nikapuliza dawa mpaka tukashindwa kulala. Mti tukate au tuache? Hao wadudu ni hatari? Na mtoto nimwambie nini?"

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa huo usiku wa dawa. Nianze na la haraka maana mtu wa msumeno akishapewa kianzio hasubiri: mpigie leo leo mwambie asije. Mti wako haujafa. Hivyo vitumba kwenye ncha ni maua, na kwa jinsi ulivyoeleza miezi, wiki mbili tatu hivi mtaamka asubuhi mkute mbele ya geti kote kumegeuka zambarau.

Usiniamini tu mimi, hakikisha mwenyewe na shemeji akiwa anaona. Shikeni kitawi chembamba kama penseli, kwaruza gamba la juu na ukucha au ncha ya kisu, kidogo tu. Chini yake kukiwa kijani na kuna unyevu, huyo ni mzima. Kukiwa kahawia, kukavu, na kitawi kinakatika kwa mlio kama kuni, basi hilo tawi limekufa, ila usihukumu mti mzima kwa tawi moja, jaribuni matawi matano sita ya pande tofauti. Nalikazia hili kwa sababu liliwahi kuniuma. Kuna mwaka niliitwa kwenye ofisi moja hapa Arusha nikaangalie jakaranda tatu "zilizokufa kwa ugonjwa", nafika nakuta wameshaangusha mbili, magogo yamelala pale yanatoa maji, ndani mabichi kabisa. Ilikuwa mwezi wa nane kama kwako. Ile ya tatu ikachanua mwezi wa kumi peke yake pembeni ya visiki viwili, na mpaka leo nikipita pale naangalia upande mwingine.

Shemeji namuelewa lakini. Miti mingi tuliyokua nayo huku, mwembe, mparachichi, mgrivea, inakaa na majani mwaka mzima, kwahiyo jicho letu limezoea kwamba mti usio na jani ni maiti. Jakaranda ni mgeni, asili yake ni Amerika ya Kusini upande wa Argentina na Bolivia, na amekuja na tabia zake. Jani lina vitundu vidogo sana vya kupitisha hewa, vikifunguka tu maji nayo yanatoka, yani kila jani ni mdomo unaokunywa kutoka ardhini na kumwaga hewani mchana kutwa. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa kwetu mvua hamna ya maana, ardhi inakauka, sasa mti unaamua kuacha majani kuliko kuyalipia maji ambayo hauna. Na hauyatupi hovyo. Kwanza unanyonya vitu vya thamani vilivyomo ndani ya jani, naitrojeni hasa, unavirudisha kwenye matawi na shina, alafu pale kikonyo kinapokutana na tawi unajenga ukuta mwembamba kama kizibo, jani linaachia lenyewe na kidonda kimeshafungwa. Ndo maana yalikuwa ya njano kabla ya kuanguka, na uliposema njano tu nikapumua. Mti au tawi likifa ghafla majani yanakauka kahawia yakiwa bado yameshikilia pale pale, hayaanguki, maana kuangusha jani ni kazi na maiti hafanyi kazi.

Majani yakishatoka, maji kidogo ambayo mizizi inayapata chini yanabaki ndani ya shina, yanatosha kufungua maua. Ua halidumu na halinywi kama jani. Na likichanua bila majani ya kulificha nyuki analiona toka mbali, wewe mwenyewe ukishuka kutoka Kibosho kipindi hicho unaona Moshi ina madoa ya zambarau, ni hizo.

Sasa tuje kwa binti, maana swali lake kwa kweli ndo limenikalisha niandike marefu hivi. Amekamata kitu ambacho watu wazima tunakipita. Neno vuli tumelibebesha mizigo miwili: kwenye vitabu na kamusi mara nyingi ni tafsiri ya ule msimu wa Ulaya majani yanapopukutika, lakini kwa bibi yake huko kihambani, kwenye shamba la nyumbani la Wachagga, vuli ni mvua, zile fupi za mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, na hata Mamlaka ya Hali ya Hewa wanapotangaza utabiri wa vuli kwa Kilimanjaro, Arusha na Manyara wanaongelea mvua hizo hizo. Misimu miwili tofauti, jina moja. Mtoto hajakosea, neno ndo limemchanganya.

Mwambie hivi: kule kwa mama mdogo wake mti unahesabu mwanga, huku unahesabu maji. Leipzig mwezi wa sita mchana una masaa zaidi ya 16, mwezi wa kumi na mbili unabaki kama masaa 8. Katikati ya hapo, kwenye mwezi wa tisa na wa kumi, kila siku inapoteza karibu dakika 4 za mwanga, na mti unalisikia hilo. Unajua baridi inakuja, maji yataganda ardhini, kwahiyo unafunga duka mapema. Ile rangi ya kijani inaitwa klorofili, ndo inayopika chakula kwa jua, na kuitunza ni gharama, mti unaacha kuitengeneza na unaivunja huku ukivuta naitrojeni iliyomo ndani ya jani. Kijani kikiondoka inaonekana njano ambayo ilikuwepo ndani ya jani muda wote imefunikwa, ni ndugu wa rangi iliyoko kwenye karoti na boga. Nyekundu ni habari nyingine, yenyewe haikuwepo, inatengenezwa mwishoni kabisa sukari ikibaki kwenye jani, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofika kuganda, na ni ndugu wa ile rangi ya juisi ya choya. Kwahiyo kwenye zile video akiona njano ajue ni kitu kilichofunuliwa, akiona nyekundu ajue kimepikwa jana.

Moshi sasa. Mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote kwetu haupishani hata nusu saa kwa mwaka mzima, mti gani utagundua majira kwa hapo. Kinachobadilika huku ni maji. Na vuli yetu, ile ya mvua, ina vituko vyake vidogo vidogo ambavyo mdogo wako kule Leipzig havipati, na naomba uvitumie kumjibu mtoto kwa macho yake mwenyewe badala ya maneno yangu.

Majani mekundu yapo, ila huku yanakuja mwanzo wa maisha ya jani. Mvua zikishakolea, nendeni chini ya mwembe au mparachichi mkaangalie ncha za matawi, majani machanga yanatoka yamelegea, mekundu yanaenda shaba, kama yamepakwa mafuta, alafu baada ya siku kadhaa yanasimama na kuwa kijani. Ni rangi ile ile ya familia ya choya, inalikinga jani laini na jua kali kabla halijakomaa. Watoto wengi wanapita chini ya mwembe miaka kumi hawajawahi kuambiwa watazame hapo. Na ukibahatika mtaa wenu kuna mkungu, ule wa majani mapana, huo unageuka mwekundu kabisa kabla ya kupukutisha, mpige picha mumtumie mama mdogo na yeye ashangae.

Kahawa ndo naipenda kuliko zote. Vitumba vya kahawa vinakaa vimelala kiangazi chote, vidogo vya kijani, huwezi kuvidhania chochote. Ukame unaviandaa, mvua nzuri ya kwanza inaviamsha, na kama siku 8 mpaka 10 baada ya mvua hiyo vinafunguka karibu vyote kwa pamoja, shamba zima jeupe na harufu kama asumini, na ndani ya siku mbili tatu yameshanyauka yamekuwa ya kahawia. Mimi nikiwa mdogo kihambani bibi alikuwa anahesabu kwa vidole toka mvua ilipopiga, siku ikifika anatuamsha mapema tuende kunusa kabla jua halijawa kali. Kama mna ndugu Kibosho, Machame, Marangu, popote penye kahawa, hesabuni toka hiyo mvua ya juzi kama iliwafikia na wao, alafu pandeni.

Alafu ile harufu ya udongo mvua ikianza, najua wewe mwenyewe ulisimama mlangoni ukavuta pumzi. Wapo bakteria kwenye udongo wanatengeneza kemikali inaitwa jiosmini, na pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa chembe chache sana kwenye hewa. Tone la mvua likigonga udongo mkavu linabana hewa chini yake, vipovu vinapanda na kupasuka juu, vinarusha harufu hewani, ndo maana manyunyu yananukia kuliko mvua ya kumwaga ndoo. Wanasayansi wawili wa Australia waliipa harufu hiyo jina lake mwaka 1964 lakini sisi tunajua tu "mvua inanukia". Na ukila perege wa bwawani ukasikia ladha ya tope, ni kemikali hiyo hiyo dada, kwenye udongo tunaipenda kwenye samaki tunaikataa.

Kuna la kivuli pia, hili fanyeni wiki hii hii. Mwanzoni mwa Oktoba, kama tarehe 2 hivi, jua linapita juu kabisa ya utosi wa Moshi na Arusha. Mtoto asimame uani kama saa sita na dakika 20 mchana, aangalie chini, kivuli chake kitakuwa kimeingia miguuni. Hata mkiwa mmechelewa wiki moja bado kitabaki kidogo cha vidole vichache. Muda huo huo mama mdogo wake kule kivuli chake kinarefuka kila siku. Na mkanda wa mvua unalifuata jua linapoelekea kusini, ndo unaotuletea vuli, kwahiyo kile kivuli kinachopotea na mvua ya juzi ni habari moja.

Na kama mtoto anataka kitu kinachounganisha kwake na Leipzig moja kwa moja, aangalie juu. Mbayuwayu walioondoka Ulaya baridi ilipoanza kunusa wanafika kwetu kipindi hiki na watakaa mpaka kama mwezi wa nne. Keremkerem wa Ulaya wanapita angani makundi makundi, utawasikia kabla hujawaona. Baadaye kidogo wanakuja korongo weupe, wale wa mashariki ya Ujerumani wanashuka kwa Uturuki, Israeli, Misri, Sudan, wakikwepa kukatiza bahari kubwa maana wanaelea juu ya hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu, wengine wanaishia kwenye mbuga zetu kula nzige na viwavijeshi, wengine wanaendelea mpaka Afrika Kusini. Mama mdogo anawaona wakiondoka, yeye anawaona wakifika. Mimi hili huwa linanigusa kila mwaka sijui kwa nini.

Haya, kumbikumbi. Jirani yako hajakudanganya makusudi ila amechanganya. Kumbikumbi ni mchwa kweli, ni vijana wa kike na wa kiume wenye mabawa kutoka vichuguu, wanasubiri ndani mpaka mvua ilainishe ardhi ndo wanatoka wote jioni moja, vichuguu vingi kwa pamoja, ili wapate wenza wa familia nyingine na ili ndege, vyura na mijusi washibe kabla hawajawamaliza. Wakitua wanadondosha mabawa, jike anatembea mbele dume anamfuata nyuma karibu kugusana, muonyeshe binti, wanafanana na behewa mbili. Wanatafuta udongo wa kuchimba. Wakifanikiwa wanakuwa mfalme na malkia wa kichuguu kipya, ila wengi mno wanaliwa usiku huo huo. Walioingia kwako walifuata taa, na kwenye sakafu ya vigae hawana pa kuchimba, asubuhi ungewafagia tu. Hao hawali nyumba.

Ila kuna swali moja lazima ujiulize: waliingia kwa dirishani na mlangoni, au walitokea ndani? Kama uliwaona wanachomoza kwenye ufa wa ukuta, chini ya fremu ya mlango au kwenye dari, hapo jirani yuko sahihi, kichuguu kipo chini yako. Zunguka nyumba na tochi utafute vijistari vya udongo vinavyopanda ukutani kama mishipa, gonga fremu za mbao usikie kama kuna tupu ndani. Ukikuta hivyo usihangaike na kopo la dukani, unaua wanaotembea tu na walioko chini wanaendelea, tafuta mtu wa kudhibiti wadudu mwenye leseni aje aone, na kuhusu dawa gani zimesajiliwa waulizeni TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, wengi bado tunawaita TPRI, pale Ngaramtoni.

Kama walifuata taa, siku nyingine mvua ikikata jioni zima taa za sebuleni, washa moja nje mbali na mlango, weka beseni la maji chini yake, basi. Kupuliza dawa ndani kwa kumbikumbi nakukataza kabisa dada yangu, mliovuta ile hewa ni nyie. Fungua madirisha, futa sakafu na meza kwa maji na sabuni, na kama mtoto au yeyote ana pumu, anakohoa hajaacha toka siku ile, anabanwa kifua au kichwa kinamgonga, mpelekeni hospitali na hilo kopo mkononi wasome kilichomo, msisubiri. Waliokufa kwa dawa msiwape kuku wala mtu asiwakaange. Wasioguswa na dawa ni chakula kizuri, ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa wanajua, unawakaanga bila mafuta wanajikaanga kwa mafuta yao. Mvua hizi zitaleta na uyoga kuzunguka vichuguu, msile wowote ambao mtu mzima anayeujua kwa uhakika hajausema ni wenyewe.

Turudi kwenye mti nikwambie na ubaya wake maana sitaki nionekane nauza jakaranda. Matawi yake si magumu sana, upepo mkali unaweza kuvunja. Majani madogo madogo yanaziba mifereji ya paa. Maua yakilala chini yakanyeshewa yanateleza, na nyuki wanakuwa bado wamo ndani, watoto wasitembee peku pale. Kukata vichwa kila mwaka hakusaidii, kunaleta machipukizi yaliyosimama wima yenye mshiko dhaifu, bora kuondoa matawi makavu na yanayosuguana tu. Kama uko mita nne tano toka ukutani na shina ni zima, mimi ningeuacha bila kufikiria mara mbili. Kama umeegemea ukuta na ukuta unapasuka, hesabu ni nyingine, na mkiutoa pandeni mringaringa mahali pazuri zaidi, ni wa kwetu, una kivuli na maua meupe nyuki wanayapenda.

Muite mtu aje auone kwa macho endapo kuna ufa kwenye shina, uyoga unaota kwenye kitako cha mti, mti umeanza kulala upande na udongo umeinuka upande wa pili, au tawi kubwa kavu liko juu ya njia. Afisa misitu wa halmashauri ndo wa kuanza naye, na hata mkiamua kukata pitieni kwake kwanza muulize kibali. Tawi likigusa waya wa umeme msipande, waiteni TANESCO. Na mwisho wa mwezi huu mkikwaruza matawi pande zote hamna kijani, vitumba vimekauka, hapo niandikie tena na picha ya shina kuanzia chini, nitakuwa nimekosea na nitasema.

Binti mpe daftari aandike tarehe ua la kwanza litakapofunguka, na tarehe jani la kwanza litakaporudi, litachelewa litamfanya asubiri. Mwakani mwezi wa nane baba yake akiangalia juu tena amsomee.